JASHO LA BATI
Namna ya Kuzuia Mvuke Kugeuka Maji Ndani ya Gari Lililofungwa

Somo kwa Makatibu, Wajumbe wa Kamati na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Chama kinachosafirisha kahawa kwa gari lenye bodi ya bati iliyofungwa pande zote hupata faida zilizo dhahiri. Gari la namna hiyo huzuia mvua, vumbi na mikono ya wezi. Lakini lina hatari moja isiyoonekana mchana. Magunia huweza kupakiwa jioni yakiwa makavu, na asubuhi yakakutwa yamelowa upande wa juu, ilhali usiku kucha haikunyesha mvua na bati halina tundu hata moja.

Hapo ndipo lawama huanza. Mpokeaji husema katibu alipakia kahawa mbichi. Katibu humshuku dereva. Mwanachama, ambaye alileta kahawa safi na kupewa stakabadhi yake, huona kwamba jasho lake limepotelea mikononi mwa watu wengine. Gunia lililolowa likikaa siku chache huota ukungu; ukungu huleta harufu ambayo mwonjaji wa kahawa huitambua mara moja; na gunia moja la namna hiyo likichanganywa na mengine hushusha daraja la fungu zima. Bei ya fungu ndiyo malipo ya wanachama wote. Kwa hiyo jambo hili si la dereva peke yake wala la katibu peke yake.

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili msomaji aweze: kueleza maji hayo yanatoka wapi, kutofautisha jasho la bati na uvujaji, kutayarisha gari na mzigo ili jasho lisitokee, na kujua la kufanya endapo magunia yamekwisha kulowa.

1. Maji hutoka wapi?

Hewa yote ina mvuke wa maji ndani yake, ingawa hatuuoni. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi. Hewa ya baridi hubeba kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa huweza kubeba mvuke usiozidi kiasi hiki, kwa kukadiria:

Katika nyuzi 10 za Sentigredi: gramu 9
Katika nyuzi 15: gramu 13
Katika nyuzi 20: gramu 17
Katika nyuzi 25: gramu 23
Katika nyuzi 30: gramu 30

Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa mvuke ikipoa hadi nyuzi 20, gramu 13 katika kila mita ya ujazo hukosa pa kukaa. Hapo mvuke hugeuka maji na kushika kitu cha baridi kilicho karibu. Ndiyo sababu chupa ya soda iliyotoka katika jokofu hulowa nje, na ndiyo sababu majani ya mgomba huamka na umande. Kiwango cha baridi ambapo mvuke huanza kugeuka maji tukiite kiwango cha umande.

Watu wengi hudhani kwamba maji yaliyo chini ya paa la gari yametokana na hewa iliyofungiwa humo. Tufanye hesabu. Chukua bodi yenye urefu wa mita 5, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2. Ujazo wake ni mita 20. Hata kama hewa yake yote ingejaa mvuke katika nyuzi 30 na kisha kupoa hadi nyuzi 10, maji yatakayotoka ni gramu 21 mara 20, yaani gramu 420. Hayafiki nusu lita. Na gari likiwa na mzigo, hewa ni kidogo zaidi.

Sasa tazama mzigo wenyewe. Magunia 100 ya kilo 50 ni kilo 5,000 za kahawa. Kahawa hiyo ikiwa imekauka vizuri, na unyevu wake ni asilimia 12, bado ina kilo 600 za maji ndani ya punje zake, sawa na lita 600. Sehemu moja tu kati ya mia ya maji hayo ikitoka na kupanda juu, ni lita 6 zitakazoning'inia chini ya paa na kudondoka.

Hili ndilo jambo kubwa katika somo letu: maji yanayolowesha mzigo hutoka katika mzigo. Hewa ni mchukuzi tu, na bati la baridi ni mahali anapotua mzigo wake. Anayetaka kuzuia jasho la bati hapana budi aanze na kahawa, kisha gari, kisha safari.

2. Kwa nini hutokea usiku?

Tuchukue mfano wa chama kilicho katika miteremko ya Kilimanjaro, mwezi wa Julai, msimu wa mavuno unapoanza. Kahawa ya parchimenti, yaani ile iliyomenywa, kuoshwa na kuanikwa ikiwa na ngozi yake nyembamba, imeshinda juani juu ya vichanja. Saa 9 alasiri inatiwa magunia ingali moto, inapakiwa, milango inafungwa, na gari linalazwa uwanjani lisubiri safari ya asubuhi kwenda kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi.

Magunia yaliyoshikana hushika joto kwa muda mrefu. Bati ni jembamba, nalo hupoa upesi. Zaidi ya hayo, usiku usio na mawingu bati lililo wazi hutupa joto lake angani, likawa baridi kuliko hata hewa inayolizunguka. Basi chini kuna mzigo wa moto unaotoa mvuke, na juu kuna paa la baridi linaloupokea. Matone hukusanyika, na gari linapotikisika alfajiri hudondoka kama manyunyu.

Ukavu wa kahawa hubadili sana hali hii. Kahawa iliyokauka hadi asilimia 12 hivi hukaa pamoja na hewa iliyojaa mvuke kwa kadiri ya asilimia 60 hadi 70 ya uwezo wake. Hewa ya nyuzi 25 iliyojaa kwa asilimia 70, kiwango chake cha umande ni nyuzi 19. Paa litapoa nyuzi 6 kabla ya tone la kwanza. Kahawa mbichimbichi huijaza hewa hata kufikia asilimia 90. Hapo kiwango cha umande ni nyuzi 23, na paa likipoa nyuzi 2 tu maji yanaanza kutona.

Lakini tusijidanganye kwamba ukavu pekee unatosha. Katika miteremko ya juu usiku wa Julai hewa huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, nazo ni pungufu kuliko nyuzi 19. Hata kahawa kavu, ikilazwa ingali moto chini ya bati lililo wazi, itatoa jasho. Ukavu hupunguza hatari. Kupoza mzigo na kutolaza gari lililojaa ndiko kunakokamilisha kinga.

3. Jasho la aina mbili

Lile tulilolieleza ni jasho la bati: mzigo ni wa moto, bati ni la baridi, maji hutokea chini ya paa na kuta.

La pili ni jasho la mzigo. Hili hutokea mzigo wa baridi unapokutana na hewa ya moto yenye mvuke mwingi. Kahawa iliyopata baridi usiku kucha milimani ikiteremshwa hadi Tanga au Dar es Salaam, kisha milango ikaachwa wazi, hewa ya pwani huingia na kugeuka maji juu ya magunia yenyewe, kama ilivyo kwa ile chupa ya soda.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Dawa ya jasho la bati ni kuingiza hewa kavu. Lakini katika jasho la mzigo, kuingiza hewa ndiko kunakoleta madhara. Kanuni ya kukumbuka ni hii: hewa ya nje ikiwa baridi kuliko mzigo, fungua matundu, hewa ya nje ikiwa moto na nzito, na mzigo ni wa baridi, funga, na mzigo upate joto taratibu.

4. Kazi za kabla ya kupakia

(a) Pima unyevu. Shirika la Kimataifa la Kahawa, katika azimio lake namba 420 la mwaka 2004, lilitaka kahawa inayouzwa nje isipungue unyevu wa asilimia 8 wala kuzidi asilimia 12.5. Chama chenye kipima unyevu kipime sampuli kutoka magunia mengi, si gunia la mlangoni tu.

(b) Usipokee kahawa mbichi kwa kumwonea haya mwenye nayo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Katibu anayepokea debe moja la kahawa isiyokauka, kwa kuwa mleta ni jirani au mzee anayeheshimika, huwatoza wanachama wengine hasara ambayo hawakuiafiki. Amrudishe kwa heshima akaianike tena, na kamati imuunge mkono mbele ya mkutano.

(c) Poza kahawa. Iliyotoka juani itandazwe kivulini hadi ipoe, ndipo itiwe magunia. Mkono ukitiwa katikati ya gunia usihisi vuguvugu.

(d) Panga saa. Ni heri kupakia asubuhi, umande ukiisha kukauka, na kusafiri siku hiyohiyo. Gari lisilazwe na mzigo ila pasipo njia nyingine.

5. Gari lenyewe

Kwanza tambua kama lavuja. Mjumbe mmoja aingie ndani mchana, milango ifungwe kwa dakika chache huku mwenzake akisimama nje mlangoni, atazame mwanga unapopenya. Uvujaji hulowesha mahali pamoja, chini ya tundu, na hutokea baada ya mvua. Jasho la bati hulowesha paa zima, na hutokea baada ya usiku wa baridi hata kusiponyesha. Ajuaye tofauti hii hatapoteza fedha ya chama kwa kuziba matundu yasiyokuwapo.

Pili, kausha sakafu. Mbao zilizooshwa leo hubaki na maji ndani hata zinapoonekana kavu. Gari lioshwe mapema na kuachwa wazi juani siku nzima kabla ya kupakiwa. Magunia yawekwe juu ya vichaga vya mbao kavu, yasiguse sakafu.

Tatu, fanya matundu ya hewa. Fundi anaweza kutoboa matundu ya chini upande wa mbele na ya juu upande wa nyuma, ili hewa nzito iingie chini na yenye mvuke itoke juu. Yawekewe wavu wa waya, kofia ya bati ya kuzuia mvua, na kifuniko cha kufungia pale inapohitajika.

Nne, tenga bati na hewa ya ndani. Mbao nyembamba zikipigiliwa chini ya paa, zikiacha nafasi ndogo kati yake na bati, upande unaotazama mzigo haupati baridi kali. Njia iliyo rahisi kuliko zote haigharimu kitu: gari lenye mzigo lilazwe chini ya banda au chini ya mti wenye majani mengi. Bati lililofunikwa halitupi joto lake angani, wala halipati baridi kama lile lililo uwanjani.

6. Kupakia

Magunia yasiguse kuta wala paa. Acha nafasi ya upana wa kiganja kando, na nafasi kubwa zaidi juu. Juu ya mzigo tandika majamvi makavu au karatasi ngumu za khaki, ili matone yakidondoka yanyonywe kabla ya kufika kwenye gunia. Majamvi hayo yaanikwe baada ya kila safari. Jamvi lililolowa jana ni chanzo kipya cha maji leo.

Usichanganye magunia makavu na mabichi kwa kudhani makavu yatayasaidia mabichi. Yatagawana unyevu, kisha yote yawe mabaya. Wala kahawa isipakiwe pamoja na mbolea, mafuta ya taa au dawa za wadudu, kwa maana kahawa hushika harufu ya jirani yake.

7. Makosa yanayofanywa kwa nia njema

Kufunika magunia kwa plastiki. Mwenye kufanya hivyo hufikiri amezuia matone ya paa. Kweli ameyazuia, lakini mvuke wa kahawa hauwezi tena kutoka, nao hugeuka maji chini ya plastiki, karibu zaidi na gunia.

Kulala ndani ya bodi. Dereva na utingo wake hulala juu ya mzigo ili kuulinda. Mtu mmoja huweza kutoa robo lita ya maji au zaidi kwa pumzi na ngozi yake katika usiku mmoja. Kamati iwatafutie walinzi hao mahali pa kulala panapofaa.

Kuwasha moto ili kukausha. Kuchoma lita moja ya mafuta ya taa huzaa takriban lita nzima ya maji, kwa hiyo jiko la mafuta huongeza jasho badala ya kulipunguza. Jiko la mkaa ni baya zaidi, maana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu aliyelala pamoja na jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa huweza asiamke tena. Jambo hili lipigwe marufuku katika kila chama, pasipo ubaguzi.

8. Kontena la ng'ambo

Yaliyosemwa juu ya gari huhusu pia kontena linalopakiwa kwa safari ya bahari. Kontena la futi 20 huweza kuchukua magunia 300 ya kilo 60, yaani tani 18. Kahawa yetu nyingi ya msimu huondoka pwani penye joto na kufika Ulaya wakati wa baridi kali, na safari huchukua majuma kadhaa. Hilo ndilo jasho la bati katika kipimo kikubwa.

Wapakiaji hutandika karatasi ngumu ndani ya kontena na kutundika mifuko yenye dawa ya kunyonya unyevu. Hayo ni mema, ila hayasahihishi kosa la mwanzo. Tani 18 za kahawa yenye unyevu wa asilimia 13, ili zishuke hadi asilimia 12, zinapaswa kupoteza takriban lita 200 za maji. Hakuna mifuko ya dawa itakayonyonya hayo. Kazi hiyo ni ya jua na kichanja, huku kwetu, kabla ya safari.

Na mnunuzi haangalii rangi na harufu tu. Kuvu fulani wa kahawa huzaa sumu iitwayo okratoksini A. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2005 kikomo cha maikrogramu 5 za sumu hiyo katika kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, na tangu mwaka 2023 kikomo hicho kimeshushwa hadi maikrogramu 3. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala kuikaanga kahawa hakuiondoi yote.

9. Magunia yakikutwa yamelowa

Yasifichwe. Yatengwe mara moja, yafunguliwe, na kahawa yake ianikwe siku hiyohiyo. Kahawa iliyoota ukungu isichanganywe na nzuri kwa ajili ya kutimiza uzito. Katika hati ya kupokelea mzigo iandikwe idadi ya magunia yaliyolowa, mahali yalipokuwa ndani ya gari, saa ya kupakia, saa ya kufika, na kama mvua ilinyesha. Dereva na mpokeaji watie sahihi wote wawili. Maandishi hayo yakilinganishwa baada ya safari kadhaa, yatamwonyesha katibu penye kosa, na kumtetea mwanachama, dereva na chama bila ugomvi.

Jaribio la kufanya mkutanoni

Chukua chupa mbili safi za kioo zenye vifuniko vya bati. Katika ya kwanza tia kahawa iliyokauka vizuri, katika ya pili kahawa isiyokauka. Zifunge, uziweke juani kwa saa moja. Kisha zilete kivulini na uweke kitambaa chenye maji ya baridi juu ya kila kifuniko. Baada ya dakika chache fungua, tazama chini ya vifuniko. Mwanachama aliyeona kwa macho yake hahitaji kubembelezwa aanike kahawa yake siku mbili zaidi.

Maswali kwa vikundi vya kujisomea

1. Bodi ya gari lenu ina mita ngapi za ujazo? Hewa yake ikijaa mvuke katika nyuzi 25 na kupoa hadi nyuzi 15, itatoa gramu ngapi za maji?

2. Gari limefika Tanga kutoka milimani, asubuhi yenye joto na hewa nzito. Dereva ataka kufungua milango ili "mzigo upumue". Mtamjibu nini, na kwa sababu gani?

3. Asubuhi paa zima limelowa, magunia ya chini ni makavu, na mvua haikunyesha. Je, gari lavuja? Toeni ushahidi wenu.

4. Katika chama chenu, gari lenye mzigo hulazwa wapi? Ni nani mwenye wajibu wa kuamua hivyo, na uamuzi huo umeandikwa katika kumbukumbu za kamati?

5. Mwanachama mwenye heshima ameleta magunia mawili yasiyokauka siku ya mwisho ya kupakia. Jadilini haki yake, haki ya wanachama wengine, na kauli itakayomfaa katibu.